Siyo chango tu! Maumivu makali ya hedhi na watu wanaomzunguka mgonjwa

Leo nawaomba kaka zangu msikimbilie ukurasa wa michezo kwanza. Somo hili ni lenu pia, na mbele kidogo mtaona kwa nini.

Naanza na kisa. Nilipokuwa kidato cha tatu, bwenini kwetu kulikuwa na mwenzetu aliyekuwa akiugua kila mwezi. Kwa siku mbili au tatu alikuwa anajikunja kitandani, anatapika, hawezi hata kusimama kwenda mstarini. Sisi tulimpa jina, tukamwita "Kalenda". Tulikuwa tunasema, "Kalenda kaanza tena, leo si kuna jaribio la hesabu!" Mwalimu wa zamu alimwambia aache kudeka, kwani wasichana wote si wanakwenda mwezini? Wengine wakanong'ona eti ametoa mimba. Mimi nilicheka pamoja na wenzangu. Siandiki haya kwa kujisifu.

Miaka mingi baadaye nilikutana naye stendi ya mabasi. Akaniambia kwamba amefanyiwa upasuaji na madaktari wamegundua ana ugonjwa unaoitwa endometriosisi. Tangu avunje ungo hadi apate jibu hilo ilikuwa imepita miaka 9. Nilimwomba radhi. Akaniambia kuwa maumivu alikuwa ameyazoea. Ambacho hakukizoea ni kulala bweni moja na wasichana 40, na asipatikane hata mmoja wa kumwuliza, "Unaumwa wapi?"

Kwa hiyo somo la leo lina sehemu mbili. Kwanza tutajifunza ugonjwa wenyewe. Pili tutajifunza kazi ya sisi tunaomzunguka mgonjwa: rafiki, dada, kaka, mzazi, mwalimu.

MAUMIVU YAPI NI YA KAWAIDA?

Wasichana wengi huumwa kidogo wanapokuwa kwenye siku zao. Sababu ni hii: mfuko wa uzazi ni msuli. Wakati wa hedhi mwili hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizi huufanya msuli ujikaze ili usukume damu nje. Ndiyo maana tumbo la chini linabana, na maumivu yanaweza kufika kiunoni na mapajani. Kwa kawaida huwa makali siku ya kwanza au ya pili, halafu yanapungua. Ukimeza dawa ya maumivu na kujikanda kwa maji ya moto, unaweza kuendelea na masomo.

Kwetu watu huyaita maumivu haya chango, au chango la uzazi. Ubaya wa neno hili ni kwamba linafunika kila kitu. Anayeumwa kidogo ana chango, na anayezimia ana chango. Likishatajwa, maswali yanaisha. Mgonjwa anaambiwa avumilie.

Basi, dalili zifuatazo siyo za kuvumilia kimya kimya:

(a) Maumivu yanayokufanya ukose shule au ushindwe kufanya kazi zako karibu kila mwezi.
(b) Maumivu yasiyosikia dawa za kawaida.
(c) Maumivu yanayozidi kuwa makali mwaka hadi mwaka.
(d) Maumivu ya nyonga au tumbo la chini hata siku ambazo huna hedhi.
(e) Maumivu unapokwenda haja kubwa au ndogo, hasa siku za hedhi.
(f) Kutapika, kuharisha, tumbo kujaa sana au kuishiwa nguvu kila hedhi inapokuja.
(g) Damu nyingi kupita kiasi.

Kuwa na dalili hizi hakumaanishi moja kwa moja kwamba una endometriosisi. Maana yake ni kwamba unastahili kupimwa. Hata kama daktari hataona ugonjwa mwingine wowote, maumivu makali ya hedhi yenyewe yana tiba.

Kumbuka: ukipata maumivu makali ya ghafla, homa kali, ukizimia, au damu ikawa inajaza pedi nzima kila saa, usingoje daftari wala ushauri wa jarida. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama kuna uwezekano wa ujauzito, mwambie daktari bila kuficha. Yeye yupo kukutibu.

ENDOMETRIOSISI NI NINI?

Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando laini. Kila mwezi utando huu unanenepa ukijiandaa kupokea mimba. Mimba isipoingia, utando unabomoka na kutoka kama hedhi. Hiyo tumeisoma kwenye baiolojia.

Kwa mwenye endometriosisi, nyama inayofanana na utando huo inaota nje ya mfuko wa uzazi. Inaweza kuota kwenye ovari, kwenye mirija, nyuma ya mfuko wa uzazi, kwenye kibofu cha mkojo au kwenye utumbo. Kwa nadra sana inafika hata kifuani.

Sasa tatizo linaanzia hapo. Nyama hii nayo inasikia homoni za mwili. Hedhi inapokuja, nayo inavimba na kutoa damu. Lakini damu ya kwenye mfuko ina mlango wa kutokea. Hii ya nje haina. Inabaki ndani, inachokoza sehemu za jirani, inaleta uvimbe na makovu. Baada ya muda makovu yanaweza kugandisha viungo, yaani utumbo ukashikana na mfuko wa uzazi, kwa mfano. Hapo maumivu hayasubiri tena tarehe.

Jambo la ajabu ni kwamba ukubwa wa ugonjwa na ukali wa maumivu havilingani. Mwingine ana madoa machache tu na anagaagaa chini. Mwingine ana makovu mengi na hasikii kitu. Kwa hiyo huwezi kumpima mtu kwa macho ukasema, "Huyu anajisingizia."

Je, chanzo ni nini? Miaka ya 1920 daktari wa Marekani, John Sampson, alieleza kwamba damu ya hedhi inaweza kurudi nyuma kupitia mirija na kumwaga chembe za utando tumboni. Maelezo hayo bado yanafundishwa. Lakini damu hurudi nyuma kwa wanawake wengi na si wote wanaougua. Ndiyo maana wataalamu wanaangalia pia kinga ya mwili, homoni na urithi. Ikiwa mama yako au dada yako anao, uwezekano wa wewe kuupata ni mkubwa zaidi.

Je, wajua? Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa asilimia 10 hivi ya wanawake na wasichana walio kwenye umri wa kuzaa wana ugonjwa huu. Ni kama watu milioni 190 duniani. Hayo ni makadirio ya umri wote wa kuzaa, siyo ya bweni lenu. Hata hivyo piga hesabu mwenyewe uone kama kweli ni ugonjwa wa "mmoja mmoja".

MBONA JIBU LINACHELEWA MIAKA MINGI?

Kwa mujibu wa WHO, kati ya dalili za kwanza na kupata jibu mara nyingi hupita miaka 4 hadi 12. Fikiria: msichana anavunja ungo akiwa darasa la saba, na anakuja kujua anaumwa nini akiwa na watoto, au akiwa ameacha shule. Sababu ni nyingi.

Kwanza ni nyumbani. Bibi aliumwa, mama aliumwa, shangazi aliumwa. Kwa hiyo wote wanaona ni desturi ya wanawake kuumwa.

Pili ni aibu. Habari za hedhi tunafundishwa na somo au kungwi kwa siri, na tunaambiwa tusizitaje hovyo. Ukishafundishwa kunyamaza kuhusu damu, unanyamaza na kuhusu maumivu.

Tatu ni kwamba dalili zinafanana na za magonjwa mengine. Msichana anakwenda zahanati, anapimwa mkojo, anaambiwa ana UTI, anapewa dawa. Siku tatu baadaye hedhi inakwisha, maumivu yanapungua, kila mtu anadhani dawa imefanya kazi. Mwezi ujao anarudi pale pale.

Nne ni vipimo. Altrasaundi inaweza kuonyesha uvimbe kwenye ovari, lakini madoa madogo mara nyingi haiyaoni. Kwa hiyo jibu la "hakuna kitu" halina maana kwamba huumwi. Kipimo cha kuangalia ndani kwa kamera kupitia tundu dogo tumboni, kiitwacho laparoskopi, hupatikana kwenye hospitali kubwa tu, na si kila familia inamudu gharama zake. Hata hivyo daktari anaweza kuanza kutibu kwa kufuata dalili, bila kungoja kamera.

TUSIDANGANYANE

Yapo maneno mengi mitaani. Mengine yanamwumiza mgonjwa kuliko ugonjwa.

"Ukizaa litakwisha." Si kweli. Mimba siyo dawa ya endometriosisi. Wapo wanaopata nafuu kwa muda wakiwa wajawazito, kisha maumivu yanarudi. Usikubali mtu akuozeshe au akukatishe masomo kwa kisingizio hiki.

"Ukianza mapenzi maumivu yataisha." We! Huo ni uongo wa mchana kweupe. Mwanaume anayekuambia hivyo hatafuti dawa yako, anatafuta yake. Kufanya mapenzi hakutibu ugonjwa huu, na kunaweza kukuletea ujauzito, VVU na magonjwa mengine ya zinaa.

"Ametoa mimba, ndiyo maana anavuja damu." Hili huua heshima ya mtu kwa siku moja. Ugonjwa huu unawapata hata wasichana ambao hawajawahi kulala na mwanaume.

"Amerogwa", "ana jini", "unaambukiza". La hasha. Hauambukizi kwa kula pamoja, kulala kitanda kimoja wala kwa njia yoyote nyingine.

"Mwenye ugonjwa huu hazai." Wengine hupata shida kushika mimba, lakini wengi wanazaa. Tusimfungie mtu mlango kabla ya wakati.

KUUMWA PEKE YAKO, NA KUUMWA UKIWA NA WATU

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Endometriosisi bado haina dawa ya kuimaliza kabisa. Mgonjwa anaweza kuishi nayo miaka mingi. Sasa mtu anayeishi na maumivu miaka mingi anahitaji vidonge, ndiyo, lakini anahitaji pia watu.

Usidhani nasema maumivu ni ya "kichwani". Hapana, yapo mwilini. Lakini habari za maumivu husafirishwa na mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Maumivu yakidumu sana, mishipa hiyo inakuwa nyepesi kushtuka. Mtu asipolala vizuri, akawa na hofu, akawa anaficha kila kitu ili asichekwe, maumivu yale yale yanamwelemea zaidi. Anajitenga, anakata tamaa, anaacha hata kwenda kliniki. Kinyume chake, anayeaminiwa anasema mapema, anapelekwa hospitali mapema, na anabaki shuleni.

Msaada wa watu ni wa aina nne. Zishike vizuri.

1. Kumwamini. Hii haigharimu hata shilingi. Mwambie, "Pole. Nakuamini. Unaumwa wapi?" Usimlinganishe na wewe. "Mbona mimi sisikii chochote" siyo faraja.

2. Msaada wa mikono. Mchemshie maji ya kujikanda. Mchukulie chakula. Mwazime pedi. Mfagilie zamu yake, naye atakufagilia siku nyingine. Mnakilie notsi za siku alizokosa, zisomeke, siyo mwandiko wa kuku.

3. Kumpa habari sahihi. Kama umesoma somo hili, unazo. Usimpe dawa ya kienyeji usiyoijua wala vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine.

4. Kuwa naye. Msindikize kwa matroni. Kaa naye kwenye benchi la zahanati. Wakati mwingine mgonjwa hataki ushauri wowote, anataka tu mtu akae pembeni.

Na kuna mambo ya kuacha: kumtangaza darasa zima, kumhurumia hadi ajione mzigo, na kumpangia dawa kila siku. Siri yake ni yake. Muulize kwanza, "Nimwambie mwalimu au nisimwambie?"

WALIOVUNJA UKIMYA

Nchini kwetu Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001 na baadaye mwanamitindo wa kimataifa, alijitokeza hadharani mwaka 2014 na kusema kwamba anaumwa endometriosisi. Hebu fikiria, mrembo wa taifa kusema mbele ya watu habari za hedhi yake! Wanawake wengi walilisikia jina la ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kutoka kwake. Mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume.

Majirani zetu wa Kenya wanamkumbuka Njambi Koikai, mtangazaji na MC wa rege wa Nairobi. Yeye alipatwa na ile aina ya nadra iliyofika kifuani, hadi mapafu yake yakawa yanasinyaa. Mwaka 2018 alikwenda kutibiwa Atlanta, Marekani, baada ya Wakenya wengi, wengine hawakuwahi kumwona ana kwa ana, kuchangia matibabu yake. Alirudi nyumbani mwaka 2020 akaendelea kuwafundisha wengine. Alifariki tarehe 3 Juni 2024, akiwa na miaka 38.

Huenda ukauliza, sasa ile michango ilisaidia nini kama hatimaye alifariki? Ilimpa miaka. Na miaka hiyo aliitumia kuwaambia wasichana wasikubali kuambiwa ni kawaida. Ugonjwa wa wengi hautafika hatua ile, kwa hiyo usiogope. Lakini msaada wa watu una uzito, hata pale usipoweza kuponya.

DAFTARI LA MAUMIVU

Mgonjwa akiulizwa na daktari, "Unaumwaje?" mara nyingi anajibu, "Tumbo tu." Daktari ana wagonjwa wengi, dakika zinakwisha. Kwa hiyo nenda na ushahidi. Chukua daftari dogo, uandike kwa miezi mitatu. Mfano:

"Jumanne. Siku ya kwanza ya hedhi. Maumivu 8 kati ya 10. Tumbo la chini na mgongo. Nimetapika mara 2. Nimemeza ibuprofeni saa 1 asubuhi, haikusaidia. Haja kubwa imeuma sana. Nimekosa vipindi 6."

Sifuri ni kutoumwa kabisa, 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kufikiria. Andika na siku zisizo za hedhi. Kama wewe unaumwa huwezi hata kushika kalamu, rafiki yako akuandikie. Hiyo nayo ni kazi ya rafiki.

Usingoje miezi mitatu kama hali ni mbaya. Nenda, halafu andika ukiwa njiani.

KUZUNGUMZA NA WAZAZI

Wengi hushindwa hapa. Soma mazungumzo haya:

Binti: Shikamoo, shangazi.
Shangazi: Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso?
Binti: Nataka unisaidie kumwambia mama. Kila nikiingia mwezini nashindwa kwenda shule.
Shangazi: Si chango hilo! Hata mimi nilikuwa nalo. Ukizaa litakwisha.
Binti: Pole shangazi, kumbe na wewe uliteseka. Lakini hebu soma daftari hili. Miezi mitatu nimekosa shule siku 7. Dawa nameza, hazisaidii.
Shangazi: Siku saba! Na huku choo kinauma hivi? We mtoto, mbona hukusema?
Binti: Nilisema, nikaambiwa ni kawaida.
Shangazi: Haya. Jumatatu tunakwenda hospitali wote. Mama yako niachie mimi.

Umeona? Binti hakubishana. Alianza na heshima, akaonyesha daftari, akaomba jambo moja tu. Na tazama maneno ya shangazi, "hata mimi nilikuwa nalo". Watu hulisema ili unyamaze. Wewe lichukue kama habari ya kumpelekea daktari, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kuwa kwenye ukoo.

HOSPITALI KUNA NINI?

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kama dawa za mwanzo hazisaidii, omba rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, umwone daktari wa magonjwa ya wanawake. Kuomba rufaa siyo utovu wa adabu.

Dawa za kwanza ni za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Hizi hupunguza zile prostaglandini, na hufanya kazi vizuri zaidi ukimeza mapema maumivu yanapoanza, baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo asimeze kabla ya kumwuliza mhudumu wa afya. Usizidishe kipimo.

Dawa za pili ni za homoni, mara nyingi vidonge vile vile vinavyotumika kwa uzazi wa mpango. Hapa wazazi wengi hushtuka. Ndugu mzazi, kama unasoma jarida la mwanao, elewa hivi: hapa vidonge hivyo ni vya kupunguza hedhi na maumivu. Binti kuandikiwa vidonge hivyo hakumaanishi ameanza uhuni. Wengine hufanyiwa upasuaji wa kuondoa ile nyama na makovu. Ugonjwa unaweza kurudi, kwa hiyo kliniki iendelee.

Nyumbani, maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa kitambaa, mazoezi mepesi na usingizi wa kutosha huwasaidia baadhi ya watu. Hayachukui nafasi ya daktari.

WEWE KAKA

Nilikwambia somo hili ni lako. Una dada, una wanafunzi wenzako, kesho utakuwa mume, mwalimu au mganga mkuu wa wilaya. Msichana akichafua sketi au akiinama kwenye dawati, usicheke, na asiyecheka peke yake hatoshi: waambie na wenzako wanyamaze. Kama wewe ni kiranja, usimwandike mtoro kabla hujauliza. Kama mko kwenye timu, mpe nafasi apumzike bila kudai maelezo mbele za watu. Ukiwa kijana unayebeba ndoo ya maji ya dada yako siku anayoumwa, hujapungukiwa na uanaume wowote.

UKIWA WEWE NDIYE UNAYEUMWA

Dada yangu, wewe siyo mvivu wala mdekaji. Mtafute mtu mmoja. Siyo lazima awe mama. Anaweza kuwa dada, shangazi, matroni, mwalimu wa malezi. Akikupuuza wa kwanza, nenda kwa wa pili. Mwambie rafiki yako mapema ukiwa mzima jinsi ya kukusaidia, kwa sababu maumivu yakianza hutaweza kueleza. Omba uongozi wa shule ujue hali yako kabla ya wiki ya mitihani, na uwe na barua ya daktari.

Na siku ukijisikia kwamba huna sababu ya kuendelea kuishi, hiyo siyo siri ya kukaa nayo usiku. Mwamshe mtu.

Yule mwenzetu tuliyemwita Kalenda ana jina lake, na siku hizi namwita kwa jina hilo. Ningependa bwenini kwenu mwanze mapema kuliko sisi.

ZOEZI

Kweli au si kweli?
1. Altrasaundi ikiwa safi, msichana hana endometriosisi.
2. Mimba siyo tiba ya endometriosisi.
3. Mwenye maumivu makali ndiye mwenye ugonjwa mkubwa zaidi.
4. Ugonjwa huu unaweza kuwapata wasichana ambao hawajaanza mapenzi.

Jadilini darasani, wavulana na wasichana pamoja:
1. Shuleni kwenu msichana akizidiwa usiku anakwenda kwa nani? Kama hayupo, mtapendekeza nini kwa uongozi?
2. Tajeni maneno matatu mnayowaambia wanaoumwa ambayo mngependa kuyaacha.
3. Igizeni mazungumzo ya binti na shangazi. Halafu yabadilisheni: sasa binti anazungumza na baba.

Majibu: 1. Si kweli. 2. Kweli. 3. Si kweli. 4. Kweli.